Mtamba wa Clara na Kadi ya Picha

"Kadi ya picha! Mara ngapi nitasema? Kadi ya picha!"

"Kaka, feni ni bei ya kutupa. Tuanze na feni."

"Feni haichezi gemu, Praygod!"

"Na mashine ikizima katikati, hiyo kadi yako itacheza na nani?"

"Mtamba hatoki," akasema binti yangu Hope kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi, unga umemganda mpaka kwenye viwiko. "Wekeni feni, wekeni kadi, wekeni injini ya trekta mkitaka. Mtamba wa mwanangu hatoki."

"Hope, hapa tunaongea mambo ya kitaalamu," akasema mumewe.

"Mtaalamu nani? Wewe?"

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, ubavuni kabisa mwa hiyo mashine, nachambua mchele kwenye ungo. Nimeinamisha kichwa utadhani nasali. Waliona bibi kizee anatafuta mawe. Mchele ule nilikuwa nimeshauchambua tangu jana yake, nikaurudishia mawe kwa mkono wangu ili nipate sababu ya kutoondoka pale.

Ngoja niwaeleze walichokuwa wakigombania. Cornel, mume wa Hope, ana kompyuta ya kuchezea gemu. Msifikirie ile ya kukunja na kubeba kwapani. Hii ni sanduku zima, wenyewe wanaliita sipiyu, lina ubavu wa kioo, na ndani mna taa zinazobadilika rangi kama kinyonga aliyechanganyikiwa. Kwa siku kumi na mbili mfululizo sanduku hilo lilikuwa likipata joto, linanguruma, halafu linazima lenyewe. Na kila lilipozima, kwa maelezo ya Cornel, yeye alikuwa anaongoza. Hajawahi kuzimiwa akiwa anapigwa.

Sasa alikuwa ameamua kubadilisha kifaa kimoja, kilichobaki ni kuchagua kipi. Feni, Praygod fundi angeitoa kwenye kibanda chake stendi siku hiyohiyo. Kadi ya picha, ile inayochora magari na watu kwenye kioo, ilikuwa Arusha, na bei yake ilikuwa ng'ombe.

Ng'ombe pale nyumbani alikuwa mmoja. Madoa, mtamba wa mimba ya kwanza. Nilimswaga mwenyewe kwa miguu kutoka kwangu Sigino siku mjukuu wangu Clara alipotolewa nje, nikamkabidhi mbele ya majirani: huyu ni wa mtoto, si wa baba, si wa mama. Njiani tulikutana na fisi wawili. Walitupisha, na yule mdogo akaniamkia. Miezi miwili mbele Madoa angezaa, na Clara angekunywa maziwa ya kwake mwenyewe badala ya yale ya kununua yanayopita kwenye bomba la halmashauri kabla hayajafika mlangoni.

Nje barazani alikaa Lekakeny, mteja wa Cornel kutoka Simanjiro, kamba mapajani, akingojea neno moja tu. Wakisema feni, anakwenda zake. Wakisema kadi, anakwenda na Madoa.

Cornel si mtu mbaya, nawaambia mapema kabla sijamchamba zaidi. Alizaliwa Bonga, ana duka la dawa za mifugo, hanywi, hapigi mke, na Jumapili akisimama kusoma matangazo kanisani hata wazee wanaamka. Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kifanye kazi.

Alikuwa na pikipiki. Ilikwenda vizuri tu. Akaifunga vioo vinne vya pembeni, taa za bluu chini, muziki nyuma, na kiti akakivisha manyoya, ukiiona kwa mbali unaweza kuirushia jiwe. Breki alisema atazishughulikia mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata kilichofika ni punda wa kubeba maji, katikati ya barabara. Punda alipona. Pikipiki iliuzwa kwa kilo.

Akarithi ekari tatu za mbaazi kwa baba yake. Akanunua bomba la kupulizia dawa, la betri, la kubeba mgongoni, akapiga nalo picha upande wa kushoto na upande wa kulia. Kupalilia hakupalilia. Majani yalipanda mpaka yeye na bomba lake wakapotea humo, tukamtafuta kwa kumpigia simu.

Labda ni ugonjwa wa huku kwetu. Babati ilipokuwa chini ya Arusha tulikuwa watu tu. Tulipopewa mkoa wetu wa Manyara kila mtu akaanza kujiboresha. Kinyozi akaandika mlangoni Saluni ya Mkoa. Muuza chapati akaandika Hoteli ya Mkoa. Chizi wa stendi akaanza kutembea na faili kwapani, na watu wakawa wanasimama kumwamkia. Cornel alikuwa kijana wa shule wakati huo, ugonjwa ukamwingia vizuri, mifupa ikiwa bado laini.

Kompyuta yenyewe ilitoka Arusha, imeshatumika huko Ulaya, akaileta ndani ya blanketi lao la harusi. Aliipakata kwenye basi njia nzima. Hope alipotoka hospitali na mtoto walipanda bajaji na blanketi la kuazima. Baada ya hapo ikaja mausi yenye vitufe saba, na mtu ana vidole vitano. Ikaja keybodi inayowaka. Kikaja kiti cha kuchezea, kirefu mgongoni kama cha rubani. Cornel akikikalia, sisi wengine kwenye stuli tunajisikia kama abiria waliokosa siti.

Haya. Sasa nitawaambia nyinyi jambo ambalo wao sikuwaambia. Joto lile lilikuwa langu.

Nilikuja hapa Nakwa kumlea mzazi, wiki sita. Clara sasa anatembea. Nilikuja na mtetea wangu mweusi, kuku mwenye adabu, anayejua saa ya taarifa ya habari. Akataga mayai kumi na manne, akayalalia. Siku ya tisa akatoka kidogo kunyoosha miguu, bodaboda akampitia. Dereva alisimama, akatoa pole, akauliza kama tutamla.

Nikabaki na mayai kumi na manne mayatima, bado vuguvugu. Nilizunguka nayo nyumba nzima nimeyafunga tumboni kama mja mzito. Karibu na jiko, yataiva. Kitandani, Clara atayalalia kweli. Ndipo nilipopita nyuma ya sipiyu ya mkwe. Nikaweka mkono. Jamani! Hewa iliyokuwa ikitoka pale ilikuwa joto la tumbo la kuku kabisa, tena kuku aliyeshiba.

Nikachukua kikapu, nikatandika majani makavu, nikakisukuma kati ya mashine na ukuta. Juu nikafunika kanga yangu, upande mmoja nimeuchomeka kwenye kiti changu, upande mwingine nimeuangusha mgongoni mwa mashine kama hema. Joto likaingia lisitoke. Mchana nageuza mayai mara tatu, nayanyunyizia maji kidogo kwa vidole.

Nikagundua pia kwamba gemu hazilingani. La mpira lina joto la uvuguvugu tu. La mashindano ya magari, hapo yai linatokwa jasho. Basi jioni nikawa namwambia, "Baba Clara, leo huendeshi magari? Endesha mwanangu, umechoka na duka." Majirani walitaka kunitangaza: mama mkwe anayemhimiza mkwe acheze gemu! Asubuhi wakishaondoka mimi na Clara tunaiwasha wenyewe. Kitufe ni kimoja, hakihitaji shule. Umeme wa Luku ukawa unakwisha kama uji wa harusi, Cornel akasema pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha mashine umeme, imechoka, inakunywa. Akaiongeza kwenye orodha yake ya vifaa vya kuboresha.

Mtaniuliza, hao watu wazima wote, fundi mzima, hakuna aliyefunua kanga?

Kwetu mkwe hagusi nguo ya mama mkwe. Upepo ukiidondosha kutoka kwenye kamba, atazunguka mtaa kutafuta mtoto aje aiokote. Siku moja cheche ya jiko ilirukia upindo wangu, Cornel alisimama umbali wa hatua sita, macho chini, mikono nyuma, akaniita kwa sauti ya kanisani, "Mama, samahani kwa kukukatiza, unaungua." Sasa mtu wa namna hiyo afunue kanga iliyotoka kiunoni mwangu? Siku ya kwanza aliiona, akarudi nyuma, akaniamkia mara ya pili. Praygod ndiye aliyesimama naye kwenye harusi, kwa hiyo kwangu naye ni mkwe, adabu ni ileile. Hope angeweza, lakini aliamini naficha ugoro, na aibu ya kunikuta na ugoro ilimzidi nguvu.

Aliyejua ni Clara peke yake. Maneno yake yote yalikuwa matatu: mama, apana, na kuku. Nikajiona salama. Mtu mwenye maneno matatu atakuchongea vipi?

Siku ya ugomvi ilikuwa siku ya ishirini na moja ya mayai, siku ya kuanguliwa.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimebanwa huku na huku. Wakichagua feni, Praygod anaivuta mashine, anaifungua, kikapu hiki hapa. Mayai yanakufa mlangoni mwa kuzaliwa, na Cornel anajua kwamba vipigo vyote vya siku kumi na mbili vilitoka kwa mama mkwe. Ugali ungeiva nikiwa nimeshafika Sigino. Wakichagua kadi, Madoa anakwenda. Ndiyo maana sikuwa upande wa feni wala wa kadi. Nilikuwa upande wa saa mbili zaidi.

"Hebu kwanza," nikasema, nikainua ungo. "Praygod mwanangu, hiyo ramu niliyowasikia mkiitaja jana ni kitu gani?"

"Ramu ni kumbukumbu, mama. Ikiwa ndogo, mashine inasahausahau."

"Basi mnunulieni Baba Clara. Amesahau mtamba ni wa nani."

Hope akacheka mpaka akajishika mlango. Cornel akatazama sakafu, maana mkwe hajibizani, nami najua kwamba hajibizani, ndiyo raha yenyewe ya kuwa mama mkwe.

"Mama," akasema taratibu, "nisikilize. Jumamosi kuna mashindano. Nchi nzima tunakutana humo kwenye mtandao, magari ishirini. Damiani wa Bonga ameshanipiga mara nne wiki hii, na kila mara ni kwa sababu imezima. Nikiwa na kadi mpya nashinda. Nikishinda, Clara nampa ng'ombe wawili."

"Wanaotoka humo kwenye kioo?"

"Hela, mama. Za zawadi."

"Pikipiki nayo ulisema itajilipa," Hope akarusha.

"Pikipiki ilikuwa punda!"

"Breki ndizo zilikuwa punda. Na dereva."

Praygod akapata nafasi. "Kaka, mimi fundi wako sikudanganyi. Mashine yenye joto hivi, ukiiwekea kadi kubwa unaongeza moto juu ya moto. Nipe dakika kumi, niivute hapa mbele, nitazame ndani..."

"Usiivute!" nikasema.

Wote wakanitazama.

"Kuna vumbi," nikasema. "Mchele utachafuka."

Praygod akatazama kanga yangu, akatazama paa. "Sawa, mama."

Ndipo Lekakeny alipochoka na benchi akaingia. Mzee mrefu, aliinama mlangoni, akanisalimu, nikamjibu, akauliza mgonjwa yuko wapi. Wakamwonyesha. Akaisogelea kama anavyosogelea ng'ombe wa mnadani, kutoka ubavuni, asiishtue. Akaiwekea kiganja.

"Ana homa," akasema.

"Ndiyo hiyo," akasema Cornel.

"Cornel. Mimi nikija dukani kwako nikakwambia ndama anakohoa, unanipa dawa?"

"Hapana, mzee. Nakuuliza kwanza."

"Unaniuliza nini?"

"Amekula nini. Amelala wapi. Anatoa nini nyuma."

"Eeh. Ulinikatalia dawa mwezi mzima mwaka juzi, ukanituma nikatazame zizi. Nikakuta matope. Nikatoa matope, ndama wakapona, sikununua kitu. Nikasema huyu kijana ni wa kweli, nitakuwa mteja wake." Akaipapasa tena mashine. "Huyu wako amelala wapi?"

Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Cornel, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akafikiri kama mtu mwenye akili. Maana dukani kwake ndivyo alivyo, mnajua. Mtu anakuja na hela mkononi anataka sindano, Cornel anamfukuza akaoshe birika la maji. Ukimweka mbele ya ng'ombe wa mwenzake ni daktari. Ukimweka mbele ya sanduku lake lenye taa ni mtoto wa darasa la pili aliyeona puto.

"Hewa inaingilia mbele," akasema polepole, "inatokea nyuma."

"Basi tazameni nyuma," akasema Lekakeny.

Nyuma kulikuwa na kanga. Wanaume watatu wakaitazama, halafu wote kwa pamoja wakakumbuka walikuwa na haja ya kutazama mahali pengine. Praygod akakagua kucha. Cornel akasoma kalenda, na ilikuwa ya mwaka uliopita. Lekakeny peke yake ndiye aliyeuliza.

"Nguo ya nani?"

"Ya mama," Cornel akanong'ona.

"Aa." Lekakeny akarudi nyuma hatua mbili. "Basi sijaona kitu."

"Mgongo unanisumbua," nikasema. "Naikausha hapo, inapata joto, najifunga. Au nayo mnataka kumpa Lekakeny?"

"Hapana, mama! Hapana kabisa!"

Mngeona walivyoruka. Nami nikapumua, nikachukua jiwe moja la mchele nikalitupa, nikatafuta lingine. Ndiyo kwanza nimeanza kujisifu moyoni pale kitu kiliposema:

*Piiii. Pi, pi.*

Kutoka nyuma ya mashine. Sauti nyembamba, ya ndani ya ganda.

"Kimya!" Praygod akainua kidole. Uso ulimbadilika, mnajua fundi akisikia kitu anachokijua. "Mmesikia? Ubao wa ndani unatoa alama. Mashine ikiumwa inalia, na kila mlio una maana yake."

*Piiii. Pi, pi.*

"Mmoja mrefu," akahesabu kwa vidole, "miwili mifupi." Akatoa simu, akapekua, akapekua, akasoma akitembeza midomo. Akaiweka simu mezani kwa heshima. "Kaka, nakuomba radhi. Nilikosea. Mrefu mmoja, mifupi miwili: kadi ya picha."

"NILISEMA!" Cornel akaruka kutoka kwenye kiti cha rubani, kiti kikazunguka chenyewe mara mbili. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi tangu asubuhi?"

Vifaranga wangu, jamani. Kumi na wanne, niliowageuza kwa mikono hii kama mandazi, wametoa ushahidi dhidi ya mtamba wangu kabla hata hawajatoa pua.

"Ni kweli inalia," akasema Lekakeny akistaajabu. "Mimi nilidhani ni kuku."

"Ni kadi, mzee," akasema Praygod, sasa ameshakuwa mchungaji wa dini mpya. "Inajieleza yenyewe. Huwezi kubishana na mashine."

"Nendeni mkamfungue basi," akasema Cornel. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi sana. Alimtazama Hope, akaacha. "Lekakeny, mtamba ni wako. Leo hii Praygod anapanda basi la Arusha."

Hope hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonichoma. Aliuweka mwiko juu ya meza, taratibu, pale juu ya keybodi inayowaka, unga ukashuka katikati ya herufi, akasema, "Clara akikua akiniuliza ng'ombe wake alikwenda wapi, nitamwonyesha hayo magari. Nitamwambia, chagua moja." Akajifuta macho kwa kiwiko, unga ukabaki kwenye nyusi.

Lekakeny akafungua fundo la kamba.

Nilijiambia: mama mkwe, sema. Mayai kumi na manne na mtamba wa mimba, hesabu hiyo hata kuku marehemu angeijua. Inuka, funua, sema ni mimi. Nikafungua mdomo kusema hivyohivyo. Lakini mdomo wangu tangu ujana hautembei njia iliyonyooka, na kilichotoka ni hiki:

"Subirini kidogo. Lekakeny, kaa. Mtu hamswagi mtamba wa mimba jua la saa saba. Mmenikumbusha marehemu mume wangu Marcelino na baiskeli yake."

"Mama," akasema Cornel, "basi la saa nane..."

"Baiskeli ilikuwa nzima. Inakwenda Sigino mpaka sokoni, inarudi, hailalamiki. Marcelino akaitazama, akasema haina honi. Akaweka honi. Akasema honi moja ni ya maskini, akaweka tatu, moja ya watu, moja ya mbuzi, moja ya mabosi. Akaweka vioo sita. Katika vioo hivyo alikuwa anajiona vizuri, barabara ndiyo haionekani. Akaweka dinamo, dinamo ikawasha taa, taa ikawa kali, wachungaji wa Bonga wakaamka wakakamua ng'ombe saa tano za usiku."

Lekakeny akakaa. Mtu wa ng'ombe hawezi kuondoka kwenye habari ya ng'ombe waliokamuliwa vibaya.

"Akafunga redio kwenye usukani. Akafunga mwavuli. Akafunga tairi la akiba. Siku moja akatoka nje, ameoga, amevaa, akaizunguka baiskeli mara nne. Hakuna pa kukaa. Kiti kilikuwa kimechukuliwa na betri ya redio."

Praygod akacheka. Cornel hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamesimama, anajua mshale unaelekea wapi, na mkwe hawezi kuukwepa.

"Akafanyaje?" akauliza Lekakeny.

"Angefanyaje? Akawa anaisukuma. Anatembea kwa miguu, baiskeli inasikiliza muziki kwenye kivuli cha mwavuli."

*Pi,* ikasema nyuma ya mashine. *Pi, pi, pi, pi.*

"Sasa inalia mitano," akasema Praygod, akikunja uso, akichukua simu tena. "Mitano mifupi... hiyo ni prosesa, ubongo wenyewe. Kaka, na prosesa imekwenda."

"Prosesa tena?" Cornel akashika kichwa. "Hiyo bei yake ni nini?"

Akatazama nje, zizini. Hakukuwa na ng'ombe mwingine.

"Basi," nikapandisha sauti kufunika vifaranga, "siku hiyo Marcelino akaisukuma mpaka ziwa la Babati kuiosha. Honi tatu, vioo sita, redio inaimba, na kiboko mmoja mkubwa wa upande huu akatoka majini kutazama ni bwana harusi gani huyo. Wakatazamana. Marcelino akapiga honi ya mabosi. Kiboko akafungua mdomo, akamwambia kwa Kiswahili safi..."

Mlango wa chumba cha nyuma ukasukumwa. Clara akaingia.

Ametoka usingizini, mguu mmoja una soksi, nywele zimelalia upande. Hakumtazama mama yake, wala baba, wala fundi, wala mgeni mwenye kamba yake. Akapita katikati ya miguu ya wanaume kama mtu anayechelewa kazini, saa yetu ya kugeuza mayai ilikuwa imefika na mimi nilikuwa nimekaa tu napiga maneno. Akafika kwenye kanga yangu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Clara, mjukuu wangu," nikasema, "njoo kwa bibi."

"Apana," akasema.

Akavuta. Kanga ikashuka yote. Kikapu kikaonekana, na juu ya maganda yaliyopasuka wamesimama vifaranga watano wenye maji mgongoni, wamejipanga mbele ya tundu la mashine wakiota upepo wa moto, wa sita ametoa kichwa.

"Kuku," akasema Clara, akiwaonyesha wote, taratibu, kama anafundisha watu wazito kuelewa.

Na mashine, iliyokuwa ikinguruma siku kumi na mbili, ikapata pumzi. Ikashusha sauti. Ikashusha tena. Ikawa kimya hata ukasikia Lekakeny anaanza kuikunja kamba yake, mkunjo juu ya mkunjo. Cornel akainua macho kutoka sakafuni, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, nami bado nina mdomo wazi, na kiboko hajasema neno.